Picha na Kibandiko cha Gari Vitoke kwa Muuzaji Mwenyewe

Kununua gari lililokwisha tumika si tena jambo la matajiri wa mjini peke yao. Mkulima wa korosho wa Dimani, mvuvi wa kamba wa Salale, mwenye duka wa Kilindoni na kikundi cha akina mama wanaokausha samaki, wote hao leo hii huweza kukaa pamoja na wenzao, wakachanga fedha na kutafuta pikapu, kirikuu au bajaji ya kuendeshea shughuli zao. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Samaki asiyekuwa na chombo cha kumfikisha sokoni huozea forodhani, na korosho isiyo na usafiri humngoja mlanguzi.

Lakini namna tunavyoyanunua magari hayo haituridhishi hata kidogo. Mtu wa Dar es Salaam akitaka gari hutembea yadi tatu au nne kwa siku moja, akafungua milango, akainama chini ya mtambo na kumwita fundi wake. Mtu wa visiwani, awe wa Mafia au wa visiwa vya delta ya Rufiji, hana nafasi hiyo. Wa delta hungoja maji yajae, akapanda mashua hadi Nyamisati. Wa Mafia huvuka bahari hadi pale pale. Kisha wote wawili hushika barabara ya Kibiti mpaka Mbagala. Safari hiyo ina nauli, chakula na malazi, na kila siku moja nje ya kazi ni siku ya hasara. Kwa hiyo mtu huyo hununua kwanza kwa picha. Picha humfikia katika simu, akaitazama pamoja na wenzake, wakakubaliana, wakatuma arbuni ili gari lisichukuliwe na mwingine. Macho huja baadaye, fedha zikiwa zimekwisha kwenda.

Sasa na tuulize: picha hiyo imetoka wapi, na nani aliyeipiga? Hapo ndipo penye kiini cha maoni yetu ya leo.

Mara nyingi picha hiyo haikupigwa na yadi inayouza gari. Imepigwa Japani na kampuni iliyoliuza gari huko, miezi kadhaa kabla halijapakiwa melini. Tangu siku hiyo gari limekaa gatini, limesafiri baharini, limeteremshwa bandarini na kuendeshwa na madereva wasiojulikana. Au picha imepigwa na dalali, ambaye si mwenye gari wala si mtumishi wa mwenye gari. Dalali huyo amempelekea dalali mwenziwe, na huyo naye amempelekea wa tatu, kila mmoja akiongeza bei yake na sifa zake. Yapo pia magari yanayotangazwa kwa picha za magari mengine kabisa, madhali rangi na muundo vinafanana.

Matokeo yake yanajulikana. Mnunuzi akifika na kukuta kiti kimechanika, au mlango umebonyea, au kilomita zilizosomwa si zile alizoambiwa, hampati mtu wa kumjibu. Dalali husema alitumiwa tu. Mwenye yadi husema picha ile si yake. Aliyeipiga kwa kweli yuko ng'ambo ya bahari. Neno lililosemwa na watu kumi limekosa msemaji, na arbuni imekosa wa kuirudisha.

Maoni yetu ni haya: kila yadi inayouza magari yaliyotumika iwajibike kupiga picha zake yenyewe, kwa mkono wa mtumishi wake yenyewe, za gari lile lile lililosimama katika uwanja wake. Tena iandike yenyewe kibandiko cha maelezo ya gari hilo, ikibandike kwenye kioo na kutia sahihi yake. Picha hizo na kibandiko hicho viwe ndilo neno la muuzaji, atakaloshikiwa mbele ya mnunuzi na mbele ya sheria. Kazi hii haifai kupewa wakala wa nje, wala dalali, wala kijana wa mtaani mwenye simu nzuri. Picha ya bidhaa na maelezo yake ni ushahidi wa muuzaji juu ya mali yake, na ushahidi haukodishwi.

Huenda baadhi ya watu wakaona tunakuza jambo dogo. Kipande cha karatasi kwenye kioo, watasema, kina uzito gani? Tunawajibu kuwa nchi zilizotangulia katika biashara hii zilikiona kuwa na uzito mkubwa. Nchini Marekani, mwaka 1958, Seneta Mike Monroney wa Oklahoma alisimamia sheria iliyolazimisha kila gari jipya liwe na karatasi katika dirisha lake, ikitaja muundo wa gari, namba yake ya utambulisho, mahali lilipoundiwa na bei iliyopendekezwa na kiwanda. Sheria hiyo ilikataza mtu yeyote kuibandua karatasi hiyo kabla gari halijafika mikononi mwa mnunuzi. Hata leo Wamarekani huiita karatasi hiyo kwa jina la seneta huyo. Sababu ya kuitunga ilikuwa ile ile tunayoilalamikia sisi: kila muuzaji alikuwa na bei yake ya mdomoni, na mnunuzi hakujua ashike lipi.

Kwa magari yaliyotumika, Marekani ilichukua hatua nyingine mwaka 1985. Kila muuzaji wa magari ya namna hiyo alitakiwa aweke dirishani karatasi inayosema wazi kama gari linauzwa pamoja na dhamana au linauzwa kama lilivyo. Mambo mawili katika kanuni hiyo yanastahili kuangaliwa na viongozi wetu. La kwanza, maandishi ya dirishani huwa ni sehemu ya mkataba wa mauzo. Muuzaji hawezi kuyakana baadaye. La pili, mauzo yakifanywa kwa Kihispania, karatasi nayo sharti iwe ya Kihispania. Ikiwa Wamarekani wameona haja ya kumlinda mnunuzi kwa lugha yake, sisi wenye lugha moja inayoeleweka kutoka Kibiti hadi Kigoma tuna udhuru gani wa kuwauzia watu wetu magari kwa maandishi ya Kijapani na Kiingereza?

Japani kwenyewe, ambako magari yetu mengi hutoka, gari linalopita mnadani huwa na karatasi yake ya ukaguzi. Mkaguzi wa mnada huchora umbo la gari na kuweka alama mahali penye kasoro: herufi A huonyesha mkwaruzo, U huonyesha mbonyeo, S huonyesha kutu. Gari lililopata ajali na kutengenezwa hupewa daraja la peke yake, kwa kawaida herufi R, ili kila mnunuzi wa mnadani ajue. Basi wafanyabiashara wanaotuletea magari haya huyanunua huku wameshika maelezo ya kila jeraha lililomo. Gari likifika Dar es Salaam maelezo hayo hutoweka, na mwananchi huambiwa kuwa gari "halina shida yoyote." Mfanyabiashara amenunua kwa nuru, naye anamwuzia mwenziwe katika giza.

Mafundi wetu wanajua siri nyingine ya vibandiko. Ukifungua mlango wa dereva wa gari lililotoka Japani, mara nyingi utaona kwenye nguzo au ukingoni kibandiko kidogo cha gereji ya huko, kinachoonyesha tarehe ya kubadilisha oili na kilomita zilizokuwa zimetembea siku hiyo. Miaka huandikwa aghalabu kwa hesabu ya Kijapani: mwaka wa 20 wa Heisei ni mwaka 2008, na mwaka wa kwanza wa Reiwa ni mwaka 2019. Fundi mwerevu hulinganisha kibandiko hicho na saa ya kilomita. Akikuta oili ilibadilishwa gari likiwa na kilomita 140,000, na leo dashibodi inasoma kilomita 78,000, hahitaji kuambiwa zaidi. Ndiyo sababu wako wauzaji wanaokibandua kibandiko hicho kabla hawajafua kiti wala kupiga rangi bampa. Kibandiko kidogo cha gereji, kisicho na mhuri wala sahihi, kimewatia hofu kwa kuwa kinasema kweli. Sisi tunataka kila gari liwe na kibandiko cha namna hiyo, kikubwa, cha Kiswahili, na chenye jina la mtu.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani au Japani kuitafuta haki hii. Tuangalie korosho zetu wenyewe. Mkulima wa Mkoa wa Pwani akipeleka korosho ghalani chini ya mfumo wa stakabadhi, korosho hizo hupangwa daraja na kupimwa unyevu, na uzito huandikwa. Akikutwa ametia mawe au maganda katika gunia hulaumiwa hadharani, na ni haki alaumiwe. Mnunuzi wa korosho aliye mbali, ambaye hajapata kukanyaga Dimani, hununua kwa kuamini karatasi. Mkulima huyo huyo, akishalipwa fedha zake na kwenda kununua pikapu, hapewi karatasi hata moja inayoeleza daraja la gari, umri wake wala kasoro zake. Yeye akiuza, mali yake hupimwa mpaka unyevu. Yeye akinunua, huambiwa aamini rangi. Huo si usawa.

Watu wa pwani wanaijua pia habari ya Mtume Muhammad (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka na kukuta chini imelowa, akamhoji mfanyabiashara kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona. Kasoro ya bidhaa si fedheha ikiwa imewekwa juu. Fedheha ni kuifukia chini na kupiga picha ya juu peke yake.

Basi kibandiko chenyewe kiseme nini? Tunapendekeza kiseme mambo machache, lakini yaseme kweli. Kitaje muundo wa gari na namba ya chasisi. Kitaje mwaka lilioundwa, na kwa mstari mwingine mwaka lilioingia na kusajiliwa nchini, maana mambo haya mawili huchanganywa makusudi. Wananchi wengi siku hizi hupima upya wa gari kwa herufi za kibao cha namba. Husikia kuwa gari ni "namba D" au "namba E" na kudhani wamepata gari jipya. Herufi hizo huonyesha wakati gari liliposajiliwa Tanzania tu. Gari lililozeeka ng'ambo linaweza kuingia jana na kupewa herufi za jana. Aidha umri una fedha ndani yake, kwa kuwa magari yenye umri wa miaka 8 na zaidi hutozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu. Mwenye kudanganya umri anadanganya na bei.

Kibandiko kitaje pia kilomita zilizosomwa siku gari lilipofika yadini, ukubwa wa injini, aina ya mafuta na aina ya gia. Kitaje yaliyotengenezwa: mlango uliopigwa rangi, taa iliyobadilishwa, injini iliyofunguliwa. Kitaje kasoro zilizobaki. Kiseme kama kodi zote zimelipwa na kama bei iliyoandikwa inajumuisha usajili, kwa maana wapo walioambiwa bei moja wakajikuta wanalipa nyingine mlangoni pa kutokea. Mwisho kiwe na tarehe, jina la yadi, jina la mtumishi aliyekiandika na sahihi yake. Nakala moja ibaki katika daftari la yadi. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga; na kweli bila daftari hupotea upesi zaidi.

Kuhusu picha, utaratibu wake si mgumu. Gari lipigwe picha likiwa limeoshwa na kukauka, katika mwanga wa mchana, maana maji na kiza cha jioni huficha mikwaruzo. Lipigwe pande zote nne, kisha ndani, kisha injini, kisha chini. Upande wa chini una maana kubwa kwetu. Gari la mtu wa Kilindoni, au la anayepakia kamba na barafu Nyamisati, litaishi katika chumvi; likianza maisha hayo na kutu tayari, halitamaliza miaka yake. Ipigwe picha ya dashibodi injini ikiwa inanguruma, kilomita zikisomeka na taa za hatari zikionekana kama zimewaka. Ipigwe ya kibao cha chasisi. Ipigwe ya magurudumu, na hasa zile tarakimu nne zilizo ubavuni mwa tairi zinazoeleza juma na mwaka lilipotengenezwa. 3218 maana yake ni juma la 32 la mwaka 2018. Na kila palipo na jeraha papigwe kwa karibu. Picha ya mwisho iwe ya kibandiko chenyewe kikiwa kimebandikwa katika kioo cha gari hilo, ili picha na maandishi vifungane na visitenganishwe na dalali yeyote.

Mfanyakazi mmoja mwenye simu ya kawaida anaweza kufanya kazi hiyo kwa gari moja katika muda usiozidi saa moja. Kwa hiyo wale watakaosema kwamba yadi ndogo haiwezi gharama hawatatushawishi. Yadi inayoweza kulipia gari meli, bandari, ushuru na usajili haiwezi kushindwa na karatasi na kalamu. Tena ziko faida kwa muuzaji mwenyewe. Mtumishi anayelikagua gari kwa ajili ya kuliandikia maelezo ndiye wa kwanza kujua betri imekufa au breki zinalia, na mwenye yadi hupata nafasi ya kutengeneza kabla ya ugomvi. Mnunuzi aliyekwisha kuona jeraha katika picha hafiki na fundi wake kuja kulifanya sababu ya kushusha bei mara tatu.

Iko hoja nyingine yenye uzito kidogo, na hatupendi kuipita kimya. Wako wauzaji waaminifu wanaosema: "Nikiandika kasoro za gari langu, na jirani yangu asiandike za kwake, wateja watakwenda kwa jirani." Hofu hiyo ni ya kweli. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika zama hizi za simu kibaya hujitembeza kwa kasi, kikafika Kiongoroni na Maparoni kabla kizuri hakijatoka mlangoni. Mwaminifu mmoja mmoja hawezi kusafisha soko zima peke yake. Ndiyo sababu hatuishii kwa wauzaji. Twawaita pia wenye mamlaka, ili wajibu huu uwe wa wote kwa siku moja.

Sheria za msingi tunazo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji, na Tume ya Ushindani imepewa kazi ya kuisimamia. Shirika la Viwango Tanzania nalo lina utaratibu wa kukagua ubora wa magari yaliyotumika yanayoingia nchini. Kinachokosekana ni kile kipande cha mwisho kinachounganisha sheria na uwanja wa yadi. Mahakama inaweza kuuliza, "Uliambiwa nini?" na mnunuzi wa visiwani hana la kuonyesha isipokuwa picha isiyo na mwenyewe na sauti ya mtu asiyejulikana katika simu. Kibandiko chenye sahihi ndicho kitakachoipa sheria mahali pa kushika.

Hapa tunapenda kuwatoa wananchi wasiwasi mmoja. Neno stika limewachosha watu. Kwa miaka mingi kioo cha gari kilikuwa mahali pa kuonyesha kuwa umelipa. Kulikuwa na stika ya leseni ya gari ya kila mwaka, ambayo Serikali iliifuta mwaka 2017 na fidia yake ikatafutwa katika ushuru wa mafuta. Kulikuwa na stika za bima, ambazo wahuni walizighushi, hata uhakiki wake ukahamia katika mfumo wa elektroniki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Mtu akisikia kibandiko kingine anaweza kudhani ni tozo nyingine. Sivyo. Hatupendekezi Serikali ichapishe kibandiko na kukiuza. Ikifanya hivyo watazuka walanguzi wa vibandiko, na baada yao waghushi, na muuzaji atasema, "Mimi nimenunua stika, yaliyomo siyajui." Serikali itoe mfano wa karatasi tu, ieleze mambo ya lazima, kisha kila yadi ijichapishie na kujiandikia yenyewe bila kulipa senti. Uzito wa karatasi hiyo utatoka katika sahihi ya muuzaji wala si katika mhuri ulionunuliwa.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara inayohusika na biashara, pamoja na Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango, wakae na wafanyabiashara wa magari, watoe mfano huo kwa Kiswahili fasaha. Halmashauri zinazotoa leseni za biashara zifanye karatasi hiyo kuwa sharti la leseni ya yadi. Maofisa biashara wakipita wakaguzi wasiangalie cheti cha ukutani peke yake; watoke uwanjani, wasome vioo. Na siku ya kubadilisha umiliki, nakala ya kibandiko iambatanishwe na mkataba wa mauzo, pamoja na risiti halali ya mashine.

Viongozi wa halmashauri zetu, za Kibiti, Rufiji na Mafia, wana sababu ya kuanza hata kabla ya Wizara. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Miongoni mwa vikundi hivyo wamo wanaoomba fedha za vyombo vya usafiri. Na tuchukue mfano wa kikundi cha vijana kumi kinachonunua kirikuu kibovu kwa fedha za mkopo. Gari litakaa gereji miezi mitatu, marejesho yatasimama, na vijana wataitwa wadanganyifu na wavivu. Kumbe wizi ulifanyika siku ya kwanza, katika picha. Ofisa maendeleo ya jamii anaweza kuzuia balaa hilo kwa sharti moja tu: halmashauri isiidhinishe malipo ya gari lolote ambalo yadi haikulipiga picha yenyewe na kuliandikia kibandiko kilichotiwa sahihi.

Serikali nayo ianze nyumbani kwake. Magari chakavu ya umma huuzwa kwa mnada, na tangazo husema kuwa yanauzwa kama yalivyo na mahali yalipo. Maneno hayo ni halali. Lakini ofisi iliyoliendesha gari kwa miaka kadhaa inajua historia yake kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Ina daftari la safari na la matengenezo. Haitakuwa mzigo kubandika kiooni karatasi inayosema injini ilikufa lini na kwa nini. Wananchi wakiuona uwazi huo katika uwanja wa Serikali, watakuwa na ujasiri wa kuudai katika uwanja wa mfanyabiashara.

Wanunuzi nao wasikae wakingoja waraka. Soko hufuata mwenye fedha, na mwenye fedha akikataa pamoja na wenziwe hubadilisha desturi upesi kuliko sheria. Mtu wa Dimani, wa Mbuchi au wa Kilindoni akitumiwa picha ya gari, kabla hajauliza bei aulize: nani amepiga, lini, na gari liko wapi sasa hivi? Aombe picha ya chasisi na ya dashibodi, zilizopigwa siku hiyo hiyo katika uwanja wa yadi. Aombe maelezo yaliyoandikwa na kutiwa sahihi. Umri wa gari na makadirio ya kodi aviangalie katika mfumo wa TRA wa thamani za magari yaliyotumika, ulio wazi kwa kila mwenye simu ya mtandao. Kijana mmoja wa kijiji anaweza kuwasaidia wazee kumi. Arbuni isitumwe kwa jina la mtu binafsi asiyehusika na yadi. Na yule anayekataa kupiga picha mpya ya gari analodai kuwa liko mbele yake amekwisha kutoa jibu lake.

Kadhalika desturi hii haina sababu ya kuishia kwenye magari. Mashine za boti zinazouzwa kwa watu wa delta, pikipiki za abiria na jenereta za barafu zina umri, zina matengenezo na zina kasoro. Mashine ya boti ikizimika katikati ya mlango wa bahari maji yakitoka, hasara yake si ya fedha peke yake. Mwenye kuiuza na aipige picha mwenyewe, aandike mwenyewe, atie sahihi mwenyewe.

Mwaka 1984 Serikali ilipowaruhusu wananchi kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, mlango wa magari yaliyotumika ulianza kufunguka. Tangu hapo uhuru wa kununua na kuuza umekua mwaka hadi mwaka, nasi hatutaki kuurudisha nyuma. Tunachosema ni kwamba uhuru wa kuuza una wajibu wake, na wajibu wa kwanza wa muuzaji ni kusema kweli juu ya kile anachokiuza, kwa jina lake, mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma. Kioo cha gari ni mahali pazuri pa kuanzia. Yadi zetu zishike kamera na kalamu zao wenyewe, na wenye mamlaka wahakikishe hakuna gari linalotoka yadini bila neno la mwenyewe.